Kiraka cha Mninga

Gideoni aliogopa bunduki tangu utotoni mwake Kifanya, wala hakuona haya kulisema. Mwanamume wa miaka hamsini, fundi seremala anayeheshimika Makambako nzima, lakini akikutana na mgambo barabarani huvuka akapita upande wa pili. Basi jiulize alijisikiaje Juni moja ya baridi kali, miaka ile ya ruksa, mgambo Zubeiri alipoingia karakanani na kufungua gunia.

"Kamwene, fundi. Usikimbie, haina risasi."

Ilikuwa bunduki kuukuu ya jeshi, aliyopewa na ofisi alindie ghala la mahindi. Kwenye kitako chake cha mbao palikuwa na pengo la ukubwa wa kidole gumba.

"Sijui nimeigonga wapi, pengo nimeliona jana tu," Zubeiri alisema. "Wiki ijayo mkaguzi anatoka Njombe. Akiliona, kazi sina."

"Si uwapelekee wenyewe?"

"Wenyewe ndio ninaowakimbia, kaka."

Gideoni alitamani kumfukuza. Lakini karakana ya jirani ilipoungua, Zubeiri ndiye aliyeingia motoni kumtolea mbao zake. Fadhila haina pa kujificha. Alifunga mlango, akahakikisha mara tatu kwamba kweli haina risasi, akaibana kwenye jiliwa huku jasho likimtoka kwenye baridi ile.

Alinyoosha kingo za pengo kwa patasi, akachonga kipande cha mninga kikakaa sawasawa. Kabla ya kupaka gundi, mkono ulishika penseli, ukaandika nyuma ya kipande: Gideoni, 9/6. Ndivyo alivyofundishwa ujana wake kule Uwemba: fundi huweka jina pasipoonekana, ili kazi ikifumuka ajulikane. Baada ya msasa na mafuta aliutafuta mshono kwa ukucha, asiupate.

Zubeiri alipokwisha kwenda zake ndipo Gideoni akakumbuka jina. Bunduki ya serikali, ameichokonoa bila kibali, na jina lake limo ndani!

"Mikono yako haijui kunyamaza," mkewe Esnath alimwambia. Siku tano, kila gari lililopunguza mwendo nje aliliona limemfuata yeye.

Siku ya ukaguzi Ashura, mke wa Zubeiri, alikuja mbio, khanga imemdondoka begani.

"Shemeji, wanamfunga! Namba ya chuma imeliwa na kutu, na daftari linasema bunduki yao ina pengo kitakoni tangu zamani. Hii haina. Wanasema ameiuza, akaweka nyingine, naye amekataa kukutaja!"

Kumbe pengo lile lilikuwepo kabla Zubeiri hajapewa bunduki, nalo ndilo lililokuwa kitambulisho chake.

Gideoni aliketi juu ya rundo la mbao. Akinyamaza, yuko salama, hakuna atakayejua. Alimtazama Esnath, akitumaini atasema, "Usiende." Esnath alikuwa analia, lakini aliichukua patasi mezani akampa.

Ofisini Zubeiri alikuwa ameketishwa kwenye benchi, pingu mikononi.

"Pengo lipo, mheshimiwa," Gideoni alisema kwa sauti aliyoisikia mwenyewe kwa shida. "Nimeliziba mimi."

Mkaguzi alicheka. "Kila mwizi ana rafiki."

"Naomba nikionyeshe kiraka."

Alipima kwa vidole, akachomeka patasi palipopita mshono. Patasi iliteleza, ikamkata kidole. Gundi ilikuwa imeshika vizuri mno; kwa mara ya kwanza aliomba Mungu kazi yake iwe mbovu. Pigo la nne, kiraka kikachomoka.

Mkaguzi alikigeuza, akasoma, akalinganisha pengo na daftari lake. Akamfungua Zubeiri pingu.

"Gideoni ndiye wewe?"

"Ndimi."

"Nani alikupa kibali cha kugusa silaha hii?"

Gideoni aliiweka patasi mezani. Mkaguzi alimwonyesha benchi kwa kalamu. Akaketi. Ubao ulikuwa bado na joto la Zubeiri.