Anayeongoza Jumamosi

Jumamosi jioni, habari zilipofika mji wa Mikkeli, Finland, kwamba Pihla Hyttinen anaongoza mashindano ya taifa ya kuteleza kwenye barafu, nyumbani kwao hakuna aliyeshangilia. Mama yake aliketi akashika tama. Wenzake wa jikoni shuleni, ambako Pihla hupika uji wa shayiri kila asubuhi, walianza kuandikiana maneno ya pole. Nyota njema huonekana asubuhi, husema watu. Ya Pihla huonekana Jumamosi, na Jumapili haipo.

Mara tatu alikuwa ameongoza siku ya kwanza, na mara tatu akaharibu ya pili. Safari ya mwisho alianguka mara tano, akatoka bila kuwapungia watu mkono, na viatu akavifungia kabatini miaka miwili. Sasa ana miaka ishirini na sita, goti la kushoto humuuma akipanda ngazi, na Finland itapeleka msichana mmoja tu kwenye mashindano ya Ulaya. Chama cha mchezo huo kimeshamwambia wazi: asipokuwa yeye safari hii, hatakuwa yeye tena.

Kipaji anacho, hata wasiompenda hukubali. Balaa lake ni zile dakika sita za kupasha mwili moto barafuni kabla ya zamu yake. Hapo huruka miruko yake yote, tena kwa uzuri wa kuwafanya watu wasimame. Kisha, kwa kuwa anayeongoza huteleza wa mwisho, hukaa nusu saa chumbani akijiuliza kama kile alichokuwa nacho bado kipo. Wenye ulimi wamembandika jina: malkia wa dakika sita.

Jumapili asubuhi kocha wake Marketta, mwanamke mfupi asiyejua kubembeleza, alimsimamisha koridoni.

"Leo kwenye dakika sita huruki."

"Siruki nini?"

"Chochote. Unateleza tu, kama bibi anayekwenda sokoni."

"Sasa kocha, nitajuaje kama miruko bado ninayo?"

"Hutajua. Miaka yote umekuwa ukijua, imekusaidia nini?"

Pihla alichukua viatu vyake akaelekea barafuni.

Basi akateleza tu. Wenzake watano waliruka kulia na kushoto, naye akapita katikati yao mikono ikining'inia, akiona aibu kama mtu aliyekuja karamuni bila kualikwa. Mzee mmoja wa safu ya mbele alimwambia mkewe, bila hata kushusha sauti, "Huyu ameumia. Leo kawahi kuharibu." Ilipobaki dakika moja, mguu wenyewe ukajipanga kwa mruko mkubwa wa mizunguko mitatu. Pihla akauzuia. Alitamani kulia.

Chumbani Pihla alifunga na kufungua kamba za viatu hadi Marketta akapiga magoti kumfungia.

"Nikianguka je?"

"Utainuka. Au unataka ulale pale pale barafuni?"

Jina lake likaitwa. Muziki ukaanza, akaenda na ule mruko mkubwa wa kwanza, akaanguka. Alitua kwa nyonga, na kishindo kikasikika hadi safu za juu. Ukumbi ukaguna, walishazoea.

Aliinuka akiingojea ile hofu iliyokuwa ikimmaliza kila safari. Haikuja. Kilichomnyima usingizi tangu jana kilikuwa kimeshatokea, na hakuna kilichobaki cha kukiogopa. Akaruka wa pili, akatua. Wa tatu, akatua. Kufikia wa sita watu walikuwa wamenyamaza kabisa, na wa saba ulipotua yule mzee wa mbele alikuwa amesimama.

Majaji walichelewa, kisha alama zikatoka. Alibaki wa kwanza, kwa tofauti ya chini ya alama moja. Marketta alimkumbatia kwa nguvu, akalia waziwazi mbele ya kamera.

"Unakwenda Ulaya, binti. Tabasamu basi, mama yako anakuona."

Pihla alijaribu kutabasamu. Alimshika kocha wake mkono.

"Kocha, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Leo nimetulia kwa sababu nilianguka mwanzoni. Huko Ulaya nisipoanguka mwanzoni, si nitangojea kuanguka muda wote?"

Marketta alifuta machozi, akaanza kuhesabu kwa vidole. Zilikuwa zimebaki wiki tano kabla ya Ulaya.