Msindikizo wa Tairi Moja

Bodaboda ilimshusha Sekela huko Pugu, mahali asipowahi kufika, ikaondoka. Kiwanjani alimkuta mdogo wake, Godlisten, akijifunza kunyanyua tairi la mbele la pikipiki, magoti yote yamechubuka.

“Mchana tunamzika Allen,” alisema Godlisten. “Kijiwe chetu kizima cha bodaboda tunasindikiza jeneza kwa tairi moja. Mie nikienda na mbili, wataniita padri.”

“Si ndiyo hayo hayo yaliyomuua Allen?”

“Ndiyo, dada. Na mie ndiye niliyekuwa rafiki yake.”

Sekela aling'ang'ania usukani. Godlisten alimbandua vidole taratibu, kama anayeogopa kumuumiza, akaondoka. Tairi liliinuka, likashuka, likainuka tena hadi akapotea kwenye kona. Sekela alibaki amesimama, asijue amfuate na nini.