Mume Wangu Hajui Rangi Yangu ya Kuzaliwa

Admin, nifichie jina, na majina mengine humu nimeyabadilisha mwenyewe, maana wifi zangu wanafuatilia ukurasa huu na ni watu wa kukoment. Nina miaka ishirini na sita, naishi Hamugembe hapa Bukoba, kazi yangu ni kusuka nywele saluni. Nina mume na mtoto mmoja wa kike wa miaka mitatu, nimwite Koku. Chekeni mkitaka, ila mnijibu.

Mimi ni mweupe, wale wa kuitwa mtoto wa kizungu nikipita barabarani. Basi weupe wenyewe ni wa kopo. Nilizaliwa mweusi tii kama mama yangu mzazi, na kule kwetu Buganguzi wenzangu wa shule waliniita Masizi. Nilipomaliza kidato cha nne nikaja mjini kwa dada yangu, nikaanza kuchota mkorogo wake wa kujichubua kidogo kidogo, mwaka haujaisha nimekuwa mtu mwingine. Wanaume waliokuwa wananipita kama mti wakaanza kugeuza shingo. Sitawadanganya, nilifurahi. Nilikaa kwenye kioo mpaka dada akawa ananifukuza.

Baba Koku alinikuta tayari niko hivyo. Yeye ni mweupe wa kweli, ukoo wao wote wa Rubafu ni weupe. Siku za mwanzo tu aliniambia, "Nilichokupendea, hujajichubua kama hawa wengine." Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Nikacheka. Vifundo vya vidole vyangu vimebaki vyeusi, nikamwambia ni dawa za nywele, akaamini. Mume wangu ni mtu wa kuamini, na hilo ndilo linaniumiza zaidi.

Koku alizaliwa mweupe, kama watoto wengi wanavyozaliwa. Mama mkwe akampakata, akamfunua masikio, akayaangalia weee, kisha akasema, "Huyu atageuka." Miezi sita haikuisha, mtoto kageuka kweli. Rangi ile ile yangu ya kuzaliwa, pua yangu, paji langu la uso. Nikimwogesha naona ni mimi nimekaa kwenye beseni. Na ni mzuri jamani! Ni mzuri mpaka najiuliza ni nani aliyenidanganya kwamba nilikuwa mbaya.

Nikajitetea kuwa amemrudia bibi yake, mama yangu. Ikapita miaka miwili nikidhani yameisha. Mwezi uliopita mama mkwe akaja kutusalimia, katuletea ebitoke kama kawaida yake. Tumekaa tunamenya ndizi, Koku anachezea maganda, mara akasema bila hata kunyanyua macho, "Mama Koku, hebu nieleweshe. Wewe mweupe, mwanangu mweupe. Weusi wa mama yako umekuruka wewe ukamkuta mtoto?"

Kisu kiliniponyoka. Nikasema, "Mama, ni damu tu hizo."

"Ndiyo nauliza. Damu ya nani?"

Alipoondoka alikuwa ameshaongea na mwanawe. Baba Koku hakufoka. Afadhali angefoka, ningejua pa kuanzia. Anakula, anatoka, anarudi. Mtoto akikimbia kumkumbatia miguu anamsogeza pembeni taratibu, halafu anakaa anamkodolea macho. Wiki iliyopita akaniambia kwa upole, "Nitajie tu huyo mtu. Sitakupiga." Niliapa kwa Mungu, sijawahi kumjua mwanaume mwingine tangu tuoane. Nikamwambia twende tukapime DNA, maana najua nanyi mtaniambia hivyo. Akajibu kwamba kipimo ni cha mtu mwenye mashaka, yeye mashaka hana tena.

Jumamosi hii wanakwenda kwetu Buganguzi, yeye na mama yake na baba zake wadogo wawili, kikao na wazazi wangu. Mama mkwe ameshatamka kwamba jina la marehemu mama yake, alilopewa Koku, lirudi nyumbani kwao. Mtoto mwenyewe hajui lolote, anaimba imba tu humu ndani.

Jana nikampigia mama yangu, nikalia, nikamweleza yote. Kisha akasema, "Picha yako ya kipaimara ninayo sandukuni, ile uliyonifanya niishushe ukutani siku walipokuja kuchumbia. Niwawekee mezani Jumamosi, wamwone Koku mkubwa amevaa gauni jeupe? Lakini useme wewe, mwanangu. Sikuumbui bila ruhusa yako."

Dada aliposikia akaja juu. "Thubutu! Ukikiri hilo watakuuliza na mengine uliyoficha ni yapi. Umemdanganya kwa uso wako miaka yote minne, nani atakuamini habari ya mtoto?" Na mimi nikimsikiliza mama naona sawa, nikimsikiliza dada naona sawa. Usingizi sina.

Leo asubuhi mama kanipigia mara tatu, sijapokea. Naogopa kuachwa. Naogopa Koku akue anaitwa mtoto wa nje wakati baba yake ni huyo huyo anayemsogeza pembeni. Lakini kuna linalonitisha kuliko hayo yote, na hata dada sijamwambia. Nikifikiria mume wangu ameinama kwenye ile meza anaitazama sura yangu ya zamani, moyo unaniambia bora niitwe malaya. Ndugu zangu, sura hiyo ndiyo sura ya mwanangu! Mimi ni mama wa namna gani? Na kama mimi mwenyewe siwezi kuitazama, baba yake nitamwambia aipende vipi?

Mama anasubiri neno langu moja tu. Nimjibu nini?