Spika za Kijerumani za Kharumwa

Mimi nina kinyongo, na sioni sababu ya kukificha. Wenzangu wa jumuiya huniambia nisamehe, nami huwajibu kwamba nitasamehe nikizeeka. Sasa hivi nina miaka hamsini na miwili, mikono haitetemeki, na yule mnunuzi wa dhahabu wa Kharumwa bado yu mzima wa afya.

Natengeneza spika za nyumbani. Sisemi zile za baa zinazotikisa bati mtaa mzima, wala zile za kwenye gari la matangazo. Nasema spika za sebuleni, ambazo ukizipigia kwaya utajua nani amesimama kushoto, na utajua kwamba yule mama wa safu ya pili ana mafua. Kazi yangu ya mshahara ni kwenye maabara ya sekondari moja hapa Shinyanga. Hii nyingine naifanyia kwenye chumba cha uani, kwangu Ngokolo, na majirani walianza kwa kudhani nachonga majeneza.

Watu huniuliza koni ina inchi ngapi. Hawaulizi boksi, na kazi yote iko kwenye boksi. Boksi baya huimba lenyewe: besi ikipiga, mbao nazo zinaitikia, na kila wimbo unatoka na sauti ya kabati. Boksi zuri halina neno. Mimi hugonga kwa kifundo cha kidole. Likinijibu "ngo" nalibomoa. Nataka nisikie kama nimegonga ukuta wa kanisa. Kwa hiyo naweka kuta mbili za mninga, katikati naacha nafasi ya vidole viwili, halafu najaza mchanga. Ni mchanga wa mto wa kwetu Didia, ninaouosha mara tatu na kuukaanga kwenye sufuria mpaka usibaki na tone la maji.

Huyo mnunuzi alinisikia kwa mwalimu mmoja wa shule yetu. Alikuja Ngokolo mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akaketi mbele ya jozi yangu ndogo dakika arobaini bila kushika simu. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu.

"Mama," akasema, "nitengenezee kubwa kuliko hizi. Nina sebule."

Siku hiyo nilimpenda, sikatai. Nilimfanyia kazi miezi saba. Nilikwenda Kharumwa mara mbili kupima sebule, nikazunguka napiga makofi kila kona huku mkewe akinitazama kama nimerukwa na akili. Vigae vilikuwa vinarudisha sauti vibaya, nikamwambia mke huyo atandike zulia zito na abadilishe mapazia. Koili za kugawanya sauti, nene iende koni kubwa na nyembamba iende twita, nilizizungusha kwa mkono, na nikipoteza hesabu ya mizunguko nilianza upya; hesabu niliiandika kwa penseli ndani ya boksi. Nilipomaliza nikazipigia rekodi ya mvua niliyoichukua uani kwangu. Nilijikuta natoka nje kuanua nguo.

Nyuma ya kila boksi, chini kabisa, nilichoma chapa ya baba: mistari miwili na ndoano. Baba alipofariki ng'ombe waligawanywa kwa kaka zangu, mimi nikaachiwa chuma cha kupigia chapa kwa sababu hakuna aliyekitaka. Nilikichukua. Sina ng'ombe, nina spika.

Mnunuzi akanialika kwenye kipaimara cha binti yake, mchana, baada ya misa. Nikashona kitenge kipya. Nilidhani naalikwa kama fundi, kwamba atasimama mbele ya watu aseme: hizi mnazosikia zimetengenezwa na mama huyu. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakitaka. Nimetengeneza vitu miaka mingi, na hakuna aliyewahi kusimama kulisema hilo mbele za watu.

Nilipoingia, kwaya ilikuwa inatoka kwenye spika zangu, na wageni wote, watu wazima na pesa zao, wamenyamaza kama wako ibadani. Mzee mmoja alikuwa analia waziwazi. Nikapita pembeni, nikainama nyuma ya boksi kuitazama chapa. Haikuwapo. Imepigwa msasa, ikapakwa vanishi, na juu yake kimegongomewa kibati kinachong'aa chenye maandishi ya kizungu.

Kwetu mtu anayefuta chapa kwenye mnyama wa mwenzake ana jina lake, na jina hilo si zuri.

"Ujerumani," alikuwa anawaambia wageni. "Meli ilichukua miezi mitatu. Wanaume sita kuzishusha." Mgeni mmoja aliponiangalia, akaongeza, "Na huyu mama ndiye anayezifuta vumbi. Ana mkono mwepesi."

Wakacheka kwa upole. Nami nikacheka. Naukumbuka ule mcheko wangu na hadi leo unanichefua.

Nilipoaga alinisindikiza mpaka getini, kijiti cha meno mdomoni.

"Mama, usinielewe vibaya. Biashara yangu ni heshima. Wakisikia ni za Ngokolo watasema nimefulia."

"Hamna shida, bosi," nikamjibu. "Ila kuna kitu nilitaka kukuomba radhi. Ule mchanga wa ndani. Wa mto niliukosa, mto ulikuwa umefurika kwa mvua. Nikajazia marudio."

Kijiti kikatulia. "Marudio ya wapi?"

"Ya lile duara lililotajirisha watu hapa Nyang'hwale."

"Kilo ngapi?"

"Kila spika kama themanini."

Mtu asiye wa machimbo maneno hayo yangempita tu. Duara ni shimo la dhahabu, na marudio ni mchanga wa mwamba wake uliokwisha kusagwa na kuoshwa mara ya kwanza. Dhahabu iliyobaki humo haionekani kwa macho wala kwenye karai. Mpaka mchanga upelekwe kwenye mitambo ya dawa za kuinyonya. Kuna watu huku wamejenga nyumba kwa marudio waliyoyatupa wengine. Ukimwambia mnunuzi wa dhahabu kwamba amekalia kilo mia na sitini za marudio ya duara lile, humwondolei usingizi tu, unamwondolea na akili. Nilimdanganya, na sikujisikia vibaya hata kidogo.

Wiki ya tatu mkewe akanipigia simu.

"Mama, ulimwambia nini mume wangu? Amezipasua zile spika kwa shoka."

Nikaketi chini nimsikilize vizuri. Kwanza mumewe alitoboa tundu dogo, akachota mchanga kidogo, akauosha kwenye karai. Hakuona kitu, na hapo ndipo alipoamini kabisa, maana marudio ndivyo yalivyo. Gundi yangu haikukubali kufunguka, akachukua shoka. Akajaza viroba, akapeleka kwenye mtambo. Wakamrudishia jibu kwamba dhahabu iliyomo haitoshi hata jino la sisimizi.

Na asingeweza kunishtaki popote. Angesema nini? Kwamba Wajerumani wanajaza spika zao mchanga wa Nyang'hwale? Wageni walipouliza aliwaambia zimeharibiwa na umeme, zimerudishwa kiwandani.

Alikuja Ngokolo na pikapu, mzigo umefunikwa turubai. Nilikuwa namwagilia mchicha.

"Mama, za siku?"

"Njema."

"Naomba unirekebishie."

Nikafunua turubai. Mninga ulikuwa umepasuka kufuata nyuzi zake, koni zimetobolewa na vipande vya mbao, koili zimekanyagwa. Hapo moyo ulinishuka kidogo, sidanganyi. Nikazifunika.

"Zirudishe Ujerumani," nikamwambia.

Akapanda garini. Alipokuwa anarudisha gari nyuma nikaingia ndani, nikawasha jozi yangu ndogo, nikafungua dirisha ili asikie mpaka barabarani. Jioni ile nilichinja kuku.

Mwaka huu amekuja mkandarasi mmoja wa Geita, kijana mstaarabu, ameamkia vizuri. Nikampigia jozi mpya. Alisikiliza amefumba macho mpaka mwisho.

"Nzuri sana, mama. Ila mimi niliwahi kusikia za Kijerumani, Kharumwa, kwenye kipaimara. Zile zilininyima usingizi siku hiyo. Hizi bado kidogo."

Ubaya ni kwamba alisema kweli. Mninga wa namna ile sijaupata tena, wala zile koni.

"Zile nilizitengeneza mimi," nikamwambia.

Akanitazama kwa huruma. Nikatoa simu, nikamwonyesha picha za mbao zilizobanwa na klempu.

"Mbao ni mbao, mama."

"Kamuulize mwenyewe."

"Nilimuuliza juzi. Zipo kwenye matengenezo Ujerumani, anasema zitarudi."

Sebule nzima ilisikia kazi iliyo bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na wote watakufa wakiwashukuru Wajerumani. Ningeziacha pale sebuleni, siku moja ningekuja na patasi, ningekibandua kile kibati mbele ya watu, ningefungua boksi na kuwaonyesha mwandiko wangu wa penseli ndani. Nilimpa mwizi shoka mimi mwenyewe. Kinyongo nakigawa sasa kwa watu wawili, na mmoja wao namwona kila nikichana nywele.

"Unaweza kujaribu kuzikaribia zile?" mkandarasi akauliza.

Nilitaka kumfukuza. Nikachukua penseli na karatasi, nikamuuliza sebule yake ina upana gani.