Foleni Fupi ya Sauti

Tarehe 9 Machi 2021, saa nne kasorobo asubuhi, fundi mitandao wa hospitali ya wilaya aliandika katika daftari la matengenezo: "Ruta ya zahanati. Foleni ya sauti imepewa nusu ya kumbukumbu." Akatia sahihi. Alikuwa na mwaka mmoja tu kazini, na siku hiyo alijiona ametenda haki.

Hospitali nzima humwita Mama Waya. Ofisi yake ilikuwa stoo ya magodoro, na hadi leo mlango haufunguki wote. Ruta anayoitazama zaidi haipo hapo. Iko zahanati, kilomita sitini kutoka mjini. Kila kitu kinachotoka huko, simu, picha za eksirei, taarifa za wagonjwa, hupita kwenye laini moja nyembamba. Vikija kwa mpigo, kila aina hupanga foleni yake ndani ya ruta. Mahali pa kusubiria ndiyo kumbukumbu, nayo haitanuki: ukimwongezea huyu, umemnyang'anya yule.

Mkunga wa zahanati hiyo ni mama yake mdogo, ndiye aliyemlea. Mjamzito akimtia shaka, humpigia daktari wa wazazi kwa laini hiyohiyo. Jumatano moja, miaka kadhaa baada ya sahihi ile, alimpigia Mama Waya badala yake.

"Mwanangu, huyo daktari wenu siku hizi anawaza sana. Namuuliza, kimya. Nikirudia swali, ndipo ananijibu lile la kwanza. Tunapandiana kama tumegombana."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu walete mashine ya eksirei. Na usinicheke, nakusikia."

Mganga mkuu wa hospitali, alipoelezwa, hakucheka. Alisimama mlangoni pa stoo, kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi ya watu wawili. "Daktari akipokea namba ya presha kama jibu la swali jingine, atakayeumia ni mgonjwa. Ijumaa saa sita napiga mwenyewe. Tukipandiana, huduma ya simu naifunga." Ikifungwa, wajawazito watasafiri kilomita sitini za makorongo kwa swali la dakika tatu.

Fundi mwenzake, aliyeitwa Kengele kwa sababu hakuwahi kunyamaza, alikuwa na jibu tayari. "Nusu haitoshi. Sauti ipe robo tatu, ijinafasi."

Alhamisi asubuhi Mama Waya akaipa robo tatu. Sauti ikazidi kuchelewa, sekunde mbili nzima. Picha nazo, zilizobaniwa, zikaanza kudondosha vipande. Kila kipande kilichodondoka kikatumwa upya, laini ikajaa pomoni.

"Umeua vyote viwili," Kengele akasema.

"Si wewe uliyeniambia?"

"Mimi nasema mengi, Mama Waya. Kazi yako ni kuchagua."

Mama Waya akafungua hesabu za ruta. Kwa miaka yote hiyo foleni ya sauti haikuwahi kupoteza hata pakiti moja, kile kipande kidogo ambacho sauti hukatwa ili isafirishwe, na alikuwa akijivunia hilo mbele za watu. Sasa akaona kwa nini: hakuna kilichopotea kwa kuwa kila kitu kilikubaliwa kusubiri, kwa zamu sawa na picha. Lakini neno lililosubiri sekunde mbili limekwisha kazi. Afadhali kipande chake kidogo kipotee, sikio lenyewe litaziba pengo. Picha ndiyo yenye subira: ikichelewa dakika tano, mfupa uliovunjika bado umevunjika.

Akaipunguzia sauti hadi sehemu moja ya kumi, akaagiza ruta iitoe ya kwanza kila wakati. Tisa zilizobaki akazielekeza zaidi kwa picha.

"Unaipunguzia?" Kengele akashika kichwa. "Mganga mkuu akijua?"

"Atajua. Nimeandika." Chini ya mstari wa mwaka 2021 alikuwa ameongeza: "Nilikosea hapa," pamoja na tarehe.

Ijumaa saa sita alimwomba mama yake mdogo atume picha tatu za eksirei kwa mkupuo. Mganga mkuu akapiga, spika ikiwa wazi.

"Hodi zahanati, mnanisikia?"

"Nakusikia, daktari," jibu likaja papo hapo. "Punguza sauti, mimi si kiziwi."

Mganga mkuu akamuuliza habari za wajawazito wawili, kila jibu likaangukia swali lake. Kwenye kompyuta ya Mama Waya picha ya kwanza ikafunguka yote, mkono wa mtu mzima, kisha ya pili. Ya tatu ilichelewa dakika nne. Hakuna aliyeiulizia.

"Laini haifungwi," mganga mkuu akasema alipokata simu. "Na zile zahanati mbili nyingine?"

"Zina mpangilio uleule. Mimi ndiye niliyeuweka."

Jumatatu Mama Waya atarekebisha ruta ya zahanati ya pili kutoka ofisini. Ya tatu haifikiki kwa mtandao. Jumanne atakwenda mwenyewe, kwa gari la dawa.