Nilimficha mume wangu upasuaji wa kupunguza tumbo, sasa natakiwa kupasuliwa tena

Admin, jina langu lifiche, na picha usiweke hata ya mfano. Huku kwetu watu wanajua kuunganisha.

Nina miaka 44, watoto watatu, naishi Kibiti. Kazi yangu ni mpishi wa shughuli. Nilianza na karai moja la vitumbua stendi, leo nina masufuria makubwa kumi na mawili na wanawake sita wa kunisaidia. Harusi, hitima, maulidi, kuanzia Mtunda mpaka Mohoro, naitwa mimi. Sikubebwa na mtu. Nasema hivi mjue mimi si wa kudanganywa kirahisi, ingawa safari hii mdanganyifu ni mimi.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa na kilo 128. Magoti yamekataa, sukari inapanda, kuinuka kwenye kigoda mpaka nishikwe na watu wawili. Nikasikia Dar kuna hospitali wanapunguza tumbo kwa upasuaji. Nikaenda kimya kimya, nikapimwa, nikakubaliwa. Shida mume wangu. Kwake yeye mwili wangu ndio ushahidi kwamba ananitunza, nikipunguza tonge tu anauliza, "Mama watoto, nani kakuudhi?" Ningemwambia nakwenda kukatwa tumbo asingekubali. Nikamwambia nina uvimbe kwenye kizazi, lazima utolewe. Dada yangu ndiye aliyenisindikiza na kusaini.

Kosa la pili lilikuwa kwenye fomu. Nesi aliniuliza, "Mama, una tatizo la kiungulia?" Nikajibu sina. Wallahi hapo sikukusudia uongo. Kwetu kiungulia si ugonjwa. Umekula muhogo, kimekupanda, unalamba majivu kidogo, unaendelea na kazi. Mimi nimelamba majivu ya mafigani karibu kila siku tangu mimba ya kwanza. Nani aende kumwambia daktari habari za majivu?

Kilo zilishuka, sikatai. Mwaka mmoja, kutoka 128 mpaka 79. Mume wangu aliamini ni ule uvimbe ulionila mwili. Maneno nayo yakaja. Kwenye harusi moja Ruaruke, shoga yangu alinishika mkono mbele ya watu: "Jamani huyu kaisha! Pilau anapika yeye, wanashiba wengine." Wakacheka, na mimi nikacheka. Hayo niliyaweza.

Nisichokiweza ni huu moto. Nikiinama kukoroga sufuria, maji makali yanapanda mpaka kooni. Nalala nimekaa, mito minne mgongoni. Sauti imekauka, meno mawili yameoza, kikohozi hakiishi. Vidonge nameza asubuhi na jioni, mwezi wa kumi na nne huu. Kuonja mchuzi, kazi iliyonipa jina, namwachia msaidizi. Nimechoka, ndugu zangu. Nimechoka kweli.

Nikarudi Dar. Wakaniingiza mpira wenye kamera, wakakuta njia ya chakula imeungua. Daktari akanieleza kwamba tumbo walilonibakizia ni jembamba kama bomba, likijaa linasukuma asidi juu. Dawa zimefika mwisho wake. Inabidi nipasuliwe tena, wabakize kifuko kidogo cha juu na kukiunganisha na utumbo. Nikamjia juu: "Mbona mara ya kwanza mlinihesabia kilo tu, hili hamkunieleza?"

Akafungua faili, akanigeuzia fomu. "Mama, tuliuliza, ukajibu hapana. Ungesema ndiyo, tungekufanyia huu wa pili tangu mwanzo."

Nikalifunga faili, nikamrudishia. Ila kinyongo ninacho mpaka leo, maana kuniuliza ni kitu kimoja na kunielewesha ni kingine.

Dada yangu safari hii kakataa. "Uongo sisaini mara mbili. Nenda kwa mumeo." Basi nikamwambia mume wangu natakiwa kupasuliwa tena, nikaishia hapo. Akakaa chini.

"Uvimbe umerudi?"

Nikanyamaza. Akauchukua ukimya wangu kuwa ndiyo.

Ndipo akanitolea jambo ambalo hakuwahi kulisema. Siku ile ya kwanza, mimi nikiwa Dar, aliweka nadhiri: nikirudi hai atafunga kila Jumatatu na Alhamisi maisha yake yote. Kufunga nilijua anafunga, futari si napika mimi? Nilidhani ni sunna tu, kama wenzake wa msikitini. Miaka miwili, ukitoa Ramadhani na sikukuu, hazipungui saumu mia na themanini. Mtu anapakia magunia ya mpunga na njaa yake, anashukuru kwa ugonjwa ambao sikuwahi kuugua.

"Mungu alinijibu," akasema, "atanijibu tena. Safari hii nakwenda mwenyewe. Naingia na wewe mpaka kwa daktari, nataka anioneshe huo uvimbe."

Tarehe ni Jumatatu ijayo. Kuahirisha siwezi, daktari kasema palipoungua pakiachwa panaweza kugeuka ugonjwa mbaya zaidi. Nimewaza kumwomba daktari anifichie, nikaona nitakuwa namfundisha na mtu mwingine kumdanganya mume wangu. Talaka siiogopi, masufuria ni yangu na kazi naijua. Naogopa uso wake atakapojua alikuwa anafungia nini.

Wenye ndoa zenu, nisaidieni. Nimwambie mimi kabla ya Jumatatu, au nimwache ayasikie kwa daktari? Na nikimwambia, naanzia wapi: kwenye tumbo, au kwenye nadhiri yake? Wa kunitukana nitukaneni, ila mkimaliza mnijibu.