Mashimo Aliyoyaziba Ovidio

Mjini Cárdenas, kule Kuba, hapakuwa na mtu wa kulainisha bodi ya gari kama Ovidio Pedroso. Chevrolet ya marehemu baba yake, ya mwaka hamsini na sita, aliipiga puti na msasa mpaka inzi akitua anateleza. Juu nyeupe, chini waridi. Zilipokutana rangi hizo palipinda kidogo, lakini si neno. Hapo ndipo hukaa ukanda wa kromu, ukafunika aibu yote.

Siku hiyo mjukuu wake Yaima alikuwa anatimiza miaka kumi na mitano, na jioni, kama ilivyo desturi ya huko binti akifika umri huo, angezungushwa mjini ndani ya gari hilo, na gauni lake la marinda. Ovidio akashusha ukanda darini, akautia vibanio kwa nyuma, akauweka kwenye mlango wa gari. Akapapasa. Akapapasa tena. Jasho likamtoka.

Mashimo ya vibanio hayakuwapo. Aliyaziba mwenyewe, kwa puti yake hiyo hiyo nzuri.

"Kaka Ovidio, unatafuta kitovu?" jirani yake Bárbaro akamdhihaki, kikombe cha kahawa mkononi.

"Nyamaza wewe! Niletee drili."

"Utoboe wapi? Ukikosea, mtoto atatembezwa ndani ya chujio."

Kweli tupu. Ovidio akabaki kaishika drili aliyoletewa kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Hapo mkewe Nereida akatoka na gauni la Yaima begani, analikunja pindo.

"Mume wangu, nguo ikikutatiza unaitazama upande gani?"

"Niache na nguo zako!"

"Upande wa bitana, mzee. Itazame kwa ndani."

Ovidio akaguna, lakini akabandua ubao wa ndani wa mlango, akamulika tochi. Lo! Puti iliyopenya kwenye mashimo ilikuwa imeacha vinundu, vimejipanga kama vifungo vya shati. Nereida akaliweka gauni chini, akaleta sindano nene ya magodoro. Yeye akawa anadunga kwa ndani, taratibu, na Ovidio nje anapanua kila kitundu kwa tupa nyembamba. Mlango huu, mlango ule, ubavu kwa ubavu. Kisha ukanda ukaingia: ta, ta, ta!

Bárbaro akainama, akafumba jicho moja, akautazama kutoka mbele hadi nyuma.

"Umenyooka," akasema shingo upande.

Jioni ikafika, Yaima akapanda, marinda yakajaa kiti chote cha nyuma.

"Babu, polepole! Bibi hakupata muda wa kushona pindo, ni pini tupu!"

Basi Ovidio akaendesha polepole hata mbwa wakampita, na mji mzima ukapata nafasi ya kuutazama ukanda wake.